Kufufua palpa ya zamani ya kahawa na kuifunga mota

Palpa ya ngoma, yaani mashine ya kumenya matunda ya kahawa, ikiwa na fremu ya chuma cha kusubu haifi kirahisi. Kwenye mabanda ya Mbozi, Ileje na Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, zimelala nyingi ambazo mwenyewe anaziita chuma chakavu, kumbe kilichochoka ni bushi mbili zinazoshika shafti na bati la shaba. Ukifuta kutu ubavuni huenda ukakuta jina la aliyeitengeneza: John Gordon wa London, McKinnon wa Aberdeen, au wengine wa baadaye kutoka Brazili na Kolombia. Jina hilo halikusaidii sana kupata spea. Hali ya fremu ndiyo ya kuangalia. Fremu isiyo na ufa inalipa kazi yote itakayofuata. Yenye ufa kwenye makao ya shafti iache, kwa sababu chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa moto taratibu hupasuka tena pembeni ya mshono, mara nyingi katikati ya msimu.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kukimbilia mota. Mota ikifungwa kwenye ngoma inayoyumba, kahawa inayong'atwa (punje zinazokatwa au kukwaruzwa na mashine) inaongezeka mara nyingi zaidi ya mkono ulivyokuwa ukiing'ata. Kwa hiyo tengeneza ngoma kwanza, zifuate nafasi mbili zinazoizunguka, ndipo uje kwenye puli na mikanda.

Elewa kwanza inavyomenya

Ngoma imevikwa bati la shaba lenye vinundu. Inapozunguka, vinundu vinaburuta tunda na kulibana kwenye bamba la kumenyea, ambalo nafasi yake na ngoma inapungua kadiri tunda linavyosogea. Tunda linapasuka, buni mbili, yaani punje za kahawa, zinachomoka. Chini yake kuna bamba la pili, la kutenganisha. Ukingo wake unakaribia sana ncha za vinundu, hivyo buni haina pa kupita na inaangukia mbele, wakati ganda, kwa kuwa ni laini, linavutwa kupitia mabonde yaliyo kati ya kinundu na kinundu na kutupwa nyuma. Karibu kila tatizo la palpa linatoka kwenye mojawapo ya nafasi hizi mbili, na ndiyo maana mtu anayekaza boliti za mabamba yote mawili kwa pamoja hapati jibu.

Kufungua na kusafisha

Piga picha kabla ya kugusa nati. Weka alama ya patasi kwenye kila bamba, kulia na kushoto, maana mabamba ya zamani yalisuguliwa kwa mkono yakae upande mmoja tu. Boliti zilizoshika zipake dizeli, ziache zilale usiku mzima, kisha gonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo kabla ya kutia spana. Ikigoma, pasha moto nati peke yake, si fremu.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Usiipige msasa mkavu wala usitumie brashi ya mashine. Ilowanishe, ikwangue, kusanya mabaki uyafukie mbali na shamba na maji. Ndani, mahali kahawa inapopita, usirudishie rangi yoyote ya kawaida. Chuma tupu kilichosafishwa kila siku ni salama kuliko rangi inayobanduka na kuingia kwenye buni. Kwa sababu hiyohiyo, usizibe tundu la bati la shaba kwa risasi ya kuchomelea. Maji ya kahawa yana asidi na yanaila.

Shafti na bushi

Shika ngoma kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ukisikia inagonga, bushi zimekwisha. Pima shafti kwa kaliper sehemu tatu za kila makao: katikati na pembeni zote mbili. Shafti iliyoliwa upande mmoja isitiwe bushi mpya ikiwa hivyo. Ipeleke ikakerezwe kwanza hadi iwe duara, kisha bushi ikerezwe kuifuata. Karakana za SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, na mafundi wa kukereza vyuma walioko Mwanjelwa jijini Mbeya wanaifanya kazi hii bila shida ukiwapelekea shafti yenyewe, si kipimo kwenye karatasi. Kwa shafti ya milimita 25, omba uwazi wa milimita 0.05 hadi 0.1. Ukipungua hapo shafti inashika ikipata joto, ukizidi sana ngoma inaanza kuyumba tena.

Bushi iwe ya brasi au bronzi, itobolewe tundu la mafuta juu, na mfereji mwembamba ndani wa kuyasambaza. Wengine hufunga beringi za kufungwa kwa boliti nje ya fremu. Zinafaa, ila ziwe na sili pande zote, kwa sababu maji matamu ya kahawa yakikaukia ndani ya beringi yanashika kama gundi.

Bati la shaba

Hapa ndipo penye kazi. Pitisha kiganja juu ya ngoma polepole, ukifuata mzunguko. Kinundu kizima kina mgongo wa mviringo unaoteleza chini ya kidole. Kilicholala kimebonyezwa na jiwe. Kinachokwaruza ngozi kitakwaruza na buni, na mkwaruzo huo ndio unaoonekana baadaye kama kovu la kahawia kwenye kahawa safi, mahali maji na vimelea vilipoingilia wakati wa kuvundika.

Vikwaruzo visugue kwa msasa laini namba 400 uliolowa maji mpaka kidole kipite bila kukwama. Vinundu vilivyolala vinahitaji bati livuliwe. Ng'oa misumari au skrubu zake bila kuchana kingo, lilaze bati kifudifudi juu ya ubao laini, kisha inua kila kinundu kutoka nyuma kwa ponchi yenye ncha ya mviringo. Shaba iliyokwisha kupigwa hugeuka ngumu na hupasuka ukiendelea kuigonga. Kwa hiyo kabla ya kuanza, ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha itumbukize kwenye maji. Mafundi waliozoea chuma kigumu cha patasi huogopa hatua hii wakidhani itakuwa ngumu zaidi. Shaba inafanya kinyume, inalainika.

Ikiwa vinundu vingi vimetoboka, badilisha bati zima. Shaba ya unene wa karibu milimita 1 inatosha, na bati lisiloshika kutu la daraja la 304 linadumu zaidi ingawa ni gumu kupigia vinundu kwa mkono. Nakili mpangilio wa bati la zamani kwa kulilazia karatasi na kuisugua kwa mkaa. Safu za vinundu hazikupangwa mstari mnyoofu, zimepishana, ili tunda linalokwepa kinundu kimoja likutane na kinachofuata. Bati likae na mshono wake mahali ambapo upande wa juu wa mshono unaelekea nyuma ya mzunguko. Ukiligeuza, kila mzunguko unanyanyua ukingo kidogo, na siku moja bati lote litachanika kwenye bamba.

Sasa pima kuyumba. Funga waya mgumu kwenye fremu, ncha yake ikaribie ngoma, zungusha taratibu, angalia mwanga kati ya waya na vinundu. Tofauti ikizidi nusu milimita, tafuta chanzo: bati limevimba, ngoma imekaa kombo kwenye shafti, au shafti imepinda. Usiendelee mbele kabla ya kulimaliza hili.

Kurekebisha nafasi mbili

Chukua buni 20 zilizomenywa kwa mkono kutoka kwenye shamba litakaloitumia mashine, zikiwa bado na ganda lao la ndani, pima unene wake kwa kaliper. Nene kuliko zote uiongezee nusu milimita. Hiyo ndiyo nafasi ya kuanzia, mahali palipo pembamba zaidi, kati ya ncha ya kinundu na bamba la kumenyea. Mdomo wa juu uwe mpana kiasi cha kumeza tunda kubwa bila kulikwamisha.

Bamba la kutenganisha lirekebishwe kwa kipande cha karatasi ngumu, ile ya kadi ya mwaliko. Kadi ipite kwa kusugua kidogo kushoto, katikati na kulia, na ngoma izunguke mzunguko mzima bila mlio wa chuma. Upande mmoja ukiwa mlegevu, weka shimu ya kipande cha kopo chini ya makao ya bamba badala ya kulilazimisha kwa boliti, kwa sababu bamba lililopindishwa kwa boliti hurudi kidogokidogo likitetemeka.

Jaribu kwa matunda 100 mabivu, mekundu, yaliyochumwa siku hiyo. Usijaribie matunda ya jana. Yamelainika na yatakudanganya. Yakipita mazima mengi pamoja na buni, bamba la kumenyea liko mbali: lisogeze robo mzunguko wa nati, pande zote mbili sawa. Ukiona buni nyuma kwenye maganda, shughulika na bamba la kutenganisha, hasa ukingo wake. Ukiliwa katikati unakuwa na kidimbwi ambacho kadi inakionyesha waziwazi, na dawa yake ni kuusawazisha kwa tupa. Maganda yakija mbele na buni, mara nyingi vinundu vimechoka au matunda ni mabichi. Buni zilizong'atwa zikizidi 2 au 3 katika kila 100, legeza bamba la kumenyea, na zikiendelea rudi kwenye vikwaruzo vya shaba.

Shamba lenye miti ya aina za zamani za N39 na KP423 likichanganywa na chotara mpya zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, ambayo ina kituo chake Mbimba hukohuko Mbozi, litakupa matunda ya ukubwa tofauti. Usitafute nafasi ya kati. Rekebisha kwa ajili ya buni kubwa, chekecha, kisha yale madogo yaliyopita mazima yakusanye na kuyamenya peke yake baada ya kusogeza bamba. Ni kazi ya dakika chache, na inaokoa daraja la kahawa.

Kuifunga mota

Ngoma ndogo inafanya kazi vizuri ikizunguka mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ikienda kasi zaidi, tunda linarushwa badala ya kubanwa, na buni inagongwa. Mota ya kawaida ya umeme wa njia moja, ya mizunguko 1,440, unaipunguza kwa hatua mbili. Puli ya milimita 75 kwenye mota izungushe ya 300 kwenye shafti ya kati: unapata 360. Shafti hiyohiyo ibebe puli ya 100 inayozungusha ya 300 kwenye ngoma: unapata 120. Nguvu ya farasi 1, yaani kilowati 0.75, inatosha palpa iliyokuwa ya mkono. Injini ya petroli iendeshwe kwa mwendo wa chini. Ikiwa inatulia kwenye 2,400, hatua ya 75 kwa 375 na ya pili ya 75 kwa 300 zinakupa 120 ileile.

Tumia mkanda wa V, usiukaze kupita kiasi: ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama sentimita 1 hadi 2. Jiwe likiingia, mkanda unateleza na kupiga kelele, nawe unapata nafasi ya kuzima. Mnyororo hautelezi, unavunja. Flaiwili (gurudumu zito) ya zamani iache mahali pake kwa sababu inalainisha mzigo, ila ondoa mkono wa kuzungushia. Ukizunguka na mota unavunja mkono wa mtu.

Pasipo na umeme, baiskeli inatosha. Gia ya mbele ya meno 48 na ya nyuma ya meno 20 zinazidisha mwendo mara 2.4, hivyo mpanda baiskeli anayekanyaga mizunguko 50 kwa dakika anaipa ngoma 120 bila kuchoka haraka. Hapa mnyororo unakubalika, kwa kuwa mguu unahisi jiwe mapema.

Kwenye hopa, mdomo wa kumiminia matunda, weka chekeche ya waya inayopitisha tunda na kuzuia mawe makubwa na vijiti, na ubandike sumaku ya spika mbovu kwenye mteremko ili ikamate misumari. Mikanda yote ifunikwe kwa bati au nyavu, kwani jioni ya kumenya huwa na watoto na khanga zinazoning'inia. Mota ikae juu ya usawa wa maji yanayorushwa, iwe na waya wa ardhi, na braika inayokata umeme ukivuja.

Mtiririko mwembamba wa maji kwenye hopa unatosha. Maji yakitoka hapo ni machafu na makali kwa samaki. Yapeleke kwenye shimo la kuzamisha maji ardhini, mbali na kijito. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto.

Baada ya kila jioni

Zungusha mashine ikiwa tupu na maji safi mpaka maji yatoke meupe, kisha safisha nyuma ya bamba la kutenganisha kwa kijiti. Ganda moja lililokaukia pale linatosha kulisukuma bamba kesho yake. Tia matone machache ya mafuta kwenye bushi, futa yanayozidi. Msimu ukiisha, legeza mikanda, kausha ngoma juani, ipake mafuta ya kula kwa kitambaa, na uisugue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya matunda ya kwanza ya mwaka unaofuata. Kadi ya kupimia iweke kwenye mfuko wa nailoni, uifunge kwenye mguu wa fremu.