Bima ya meno: anzeni kusoma mkataba kurasa za nyuma

Assalaam alaykum ndugu zangu wa kikundi. Tangu wakala wa bima alipotutembelea pale Ngamiani, wengi mmeniuliza kuhusu kipengele cha meno kwenye bima ya afya anayotuuzia. Nayaandika niliyojifunza kwa maumivu, tuyapitie kabla hatujachanga.

Hatua ya 1: Hakikisha meno yamo. Bima nyingi za binafsi huyaweka meno kama nyongeza yenye mchango wake, juu ya matibabu ya nje, yaani yale yasiyo ya kulazwa. Ukiambiwa "matibabu ya nje yamo", usitosheke. Omba uonyeshwe neno "meno" ndani ya mkataba. Mwenye kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kupitia kazini aulize kwanza kadi yake inalipa nini, asije akalipia kitu mara mbili.

Hatua ya 2: Uliza kikomo ni cha nani. Tuseme kikomo cha meno, yaani kiasi cha juu bima inacholipa, ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja ni kitu. Kwa familia ya watu watano wanaogawana kikomo hicho, mmoja akiugua gego wengine wanne wamebaki mikono mitupu. Na kwa kawaida, kisichotumika mwaka huu hakivuki kwenda mwaka ujao.

Hatua ya 3: Tafuta maneno "kutibu mzizi". Hapa naomba tukae kidogo. Jino likioza hadi ndani kwenye kiini, njia ni mbili: ling'olewe au litibiwe mzizi. Kung'oa huisha siku hiyohiyo. Kutibu mzizi ni kazi: daktari anatoboa, anatoa kiini kilichoharibika, anasafisha mifereji ya ndani ya mizizi mmoja mmoja, kisha anaijaza. Gego huwa na mifereji mitatu au zaidi, kwa hiyo mara nyingi utarudi. Likishapona huhitaji kuvikwa kofia, yaani ganda gumu la kulifunika, maana limebaki dhaifu. Sasa, vipo vifurushi vinavyolipa mzizi lakini havilipi kofia, na vipo visivyolipa vyote viwili.

Mwaka juzi nilianza kutibiwa gego la chini, kushoto. Safari ya pili, dada wa mapokezi aliisukuma kadi yangu taratibu juu ya meza akasema, "Kikomo kimeisha, mama." Nilirudi nyumbani na dawa ya muda ndani ya jino, ile inayonukia karafuu. Mwezi wa pili nikiwa bado natafuta hela, dawa ikadondoka nikila muhogo, na jino likapasuka. Liling'olewa. Bima ambayo mwisho wake ni kung'oa tu, mimi siiiti bima ya meno.

Hatua ya 4: Uliza muda wa kusubiri. Kuna kampuni hazilipi meno miezi ya mwanzo, au hutaka kibali kabla ya matibabu makubwa. Ukitibiwa bila kibali, gharama ni yako.

Hatua ya 5: Soma visivyolipiwa, kule kwenye kurasa za nyuma. Kung'arisha meno, waya za kunyoosha na meno ya kupandikiza mara nyingi vimo humo.

Hatua ya 6: Pigeni simu kliniki yenyewe, hapahapa Tanga. Orodha ya vituo aliyonayo wakala inaweza kuwa ya zamani, na kadi inayokubalika Dar es Salaam tu itakula nauli yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Makorora: Mwanangu ana miaka 6, gego lake la nyuma limetoboka. Jirani anasema ni la utoto, litang'oka lenyewe.

Dada yangu, mpeleke wiki hii. Gego linaloota karibu na umri huo, nyuma ya meno yote ya utoto, ni la kudumu. Huota bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui. Likizibwa mapema gharama ni ndogo.

Baba wa Chumbageni: Nilishang'olewa matatu. Wataniwekea ya bandia?

Shikamoo baba. Mikataba mingi hailipii pengo lililokuwepo kabla ya bima kuanza. Usikubali jibu la mdomo, uonyeshwe kifungu.

Kaka wa Pongwe: Kampuni ikikataa kulipa, naanzia wapi?

Omba sababu kwa maandishi, na kifungu walichotumia. Lalamika kwao kwanza, ukitunza risiti na fomu za daktari. Usiporidhika, nenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mweka hazina wetu: Wakala anarudi Jumamosi. Tumwandalie nini?

Mpigie leo, mama, aje na mkataba kamili. Kile kipeperushi chenye picha tunacho tayari. Mimi nitafika saa nne na miwani yangu, tuanze na kurasa za nyuma.