Hoteli Mpya Mtaani? Anza na Ndengu

Kazi yangu ni kuuza rangi za nyumba kwenye maduka ya hadiwea hapa Nairobi. Leo niko Umoja, kesho Kawangware, keshokutwa Roysambu, na saa saba mchana ikigonga tumbo halijali niko mtaa gani. Kabla ya rangi nilikuwa weita katikati ya jiji. Ndiyo maana siwezi kupita hoteli mpya bila kuingia, na ndiyo maana pia naingia na masharti yangu.

Usiende wiki ya kufunguliwa. Wiki hiyo kuna maputo mlangoni, spika iko nje, soda ni ya bure kwa kila sahani ya pilau, na mwenye hoteli anazunguka akisalimia meza moja moja. Jikoni nako wapishi hawajazoeana, weita hajui meza namba nne ni ipi, na nusu ya waliokaa ni jamaa zake mwenyewe. Ukisifu, umesifu sherehe. Ukilaumu, umewaonea. Subiri kama wiki tatu hivi, kisha uchague Jumanne au Jumatano ya tarehe 20 na kitu, wakati mifuko ya watu imekauka. Mwisho wa mwezi kila mahali hujaa, hata penye chakula kibovu.

Ukiujua mtaa vizuri, kuna siku bora kuliko hiyo: siku ya mgao wa maji. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, hayatoshi mji mzima, na mitaa hupokezana siku. Hoteli iliyojipanga ina tangi juu na wala hutajua kuna shida. Isiyojipanga utaijua kwenye sinki ya kunawia: mfereji unakohoa, kando kuna ndoo na kikombe, na sabuni imeongezwa maji mpaka haitoi povu. Mimi hunawa kabla hata ya kuvuta kiti. Mteja akinawa kwa kikombe mbele ya watu, sukuma wiki huko nyuma imeoshwa vipi?

Ukitoka kunawa, pitisha macho ukutani nyuma ya kaunta. Vyeti vya afya vya wanaoshika chakula hudumu miezi 6, kwa hivyo angalia tarehe. Huna haja ya kuuliza mtu, soma tu kama anayesubiri chenji. Na kama bado unasikia harufu ya rangi ya mafuta, kaa nje au rudi wiki ijayo. Nazipenda rangi, zinanilisha, lakini pilau isiyosikika harufu ni wali wa kahawia tu.

Sasa oda. Kila hoteli mpya ina sahani yake ya kujionyesha, ile ya picha kubwa ukutani, kuku mzima amelalia chipsi. Iache kwanza. Agiza ndengu na chapati mbili. Kuku wa kwenye picha anapikwa na mpishi mkuu huku bosi amesimama karibu. Ndengu hazisimamiwi na mtu, na tajiri akitaka kubana matumizi ataanzia hapo. Ndengu nzuri zimepasuka bila kurojeka, kitunguu kimekaangwa mpaka kikabadilika rangi, na dania imetiwa mwishoni ikiwa bado kijani. Ukiona maji yamejitenga juu na ndengu zimezama chini, zilichemshwa zikaachwa. Ukisikia ladha kama ya sabuni kwa mbali, magadi yamezidi: mtu alikuwa na haraka ya kuzilainisha. Chapati ichane kwa vidole. Ya leo hufunguka tabaka kwa tabaka na kunyooka kabla ya kukatika, ya jana iliyopashwa moto hukatika kama katoni. Kachumbari nayo isiwe inaogelea.

Weita akija, usimuulize nini kizuri, kwa sababu atakwambia kila kitu. Muulize, "Kaka, leo nini kimeisha?" Akijibu, "Matumbo yameisha mkubwa, lakini maini yapo," tulia, hapo wanapika cha siku hiyo. Saa nane mchana hoteli ikiwa na kila kitu kwenye menyu ya kurasa sita, ujue friza yao ni kubwa.

Kwa nyama choma, nenda mwenyewe pale inaponing'inia, onyesha sehemu unayotaka, ipimwe ukiona. Halafu uwe mvumilivu. Nusu kilo ya mbuzi ikifika mezani kwa dakika kumi na tano, hiyo haikuwa ile uliyoonyesha.

Eastleigh, mtaa wenye hoteli nyingi za Kisomali, ina mizani yake. Huko usitafute ndengu, agiza wali na nyama ya ngamia au mbuzi, na uonje supu inayoletwa mwanzo. Supu hiyo mara nyingi haiko kwenye bili, kwa hivyo ikiwa na ladha, mwenye hoteli ana roho. Ndizi inayokuja na wali ni ya kuliwa pamoja na wali, usiiweke kando ukidhani ni ya baadaye. Ijumaa baada ya swala, sahau kupata meza.

Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo chini ya menyu uone kama bei ina VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, au vitaongezwa. Lipa kwa namba ya tili iliyobandikwa, si kwa namba ya simu ya mtu. Bakshishi mpe weita mkononi. Ukiiongeza kwenye tili, inaingia kwa tajiri na huenda weita asiione kamwe, hilo nalijua vizuri.

Ndengu zikipita, rudi na watu watatu na kila mmoja aagize kitu tofauti. Hapo hata yule kuku wa ukutani aitwe. Chumvi ikizidi, mwite mwenye hoteli kando, si mbele ya wateja: miezi hii ya mwanzo bado anabadilisha bei, menyu, na hata mpishi.