Jinsi ya kuandika kwa sauti tatu, somo kutoka kwa Jackie Kay

Kama una mashairi kwenye daftari na hadithi fupi zimelala kwenye simu na hujui uanze na lipi, msome Jackie Kay, mshairi na mwandishi wa kike wa Scotland, mi sijaona mwalimu mzuri zaidi yake. Kazaliwa Edinburgh 1961, baba Mnigeria, mama Mskoti, akaasiliwa na familia ya kizungu ya Glasgow. Anapenda wanawake na hilo halifichi.

Anza na lile jambo la nyumbani ambalo ukiligusa tu koo linakukaba. Kwake ilikuwa kuasiliwa, ndio akaandika kitabu cha mashairi The Adoption Papers, 1991, ila hakuisimulia peke yake, kuna mtoto, mama mzazi na mama mlezi, kila mmoja kachapwa kwa herufi za aina yake ujue nani anaongea.

Jaribu ivi. Siku mtoto alivyopelekwa kuishi kwa bibi, iandike mara tatu, mtoto, mama, bibi, na kila mmoja awe na kitu anachokijua ambacho wenzie hawakijui. Usimfanye yeyote kuwa mbaya.

Alafu tumia vitu. Yule mama mlezi anasubiri afisa aje kukagua nyumba, na wao ni wakomunisti, anaogopa atanyimwa mtoto, kwaiyo vitabu vya Marx, yule mwanafikra wa ukomunisti, anavificha kwenye kabati la mataulo na magazeti ya chama anayasukumia chini ya sofa. Hofu yote iko kwenye hilo kabati, yani unaiona kabisa.

Mapenzi nayo yape mahali. Kitabu hichohicho kina mchimba makaa ya mawe mwenye mke, anampenda kinyozi wake, na shairi linakaa palepale kwenye kiti cha kinyozi.

Ukihamia hadithi usiache ulichojifunza kwenye ushairi. Riwaya yake Trumpet, 1998, iliyopata tuzo ya Guardian, inamhusu mpiga tarumbeta wa jazi aliyeishi kama mwanaume, anafariki ndio watu wanajua mwili wake ulikuwa wa kike, mke alijua siku zote, mtoto wao wa kiume hakujua, na hapo tena anawaachia wengi waongee, mpaka daktari. Hadithi fupi kwenye kitabu zikafuata 2002, na 2016 akawa mshairi wa taifa la Scotland. Miaka 25 tangu kile kitabu cha kwanza, kwaiyo usijikimbize.

Ukimaliza zile sauti zako tatu, mtoto, mama na bibi, mpe mtu akusomee kwa sauti ukiwa umefumba macho, ukishindwa kujua anayeongea ni mama au bibi, ya bibi iandike upya.