Jinsi ya Kupanga Kozi za Msingi katika Vyuo vya Umma vya Texas

Mwanafunzi anayetoka Tanzania, Kenya au Kongo na kuanza shahada ya kwanza Texas hukutana na jambo la kumshangaza hata kabla hajazoea joto la Houston: amekuja kusomea uuguzi, uhasibu au kompyuta, lakini ratiba yake ya muhula wa kwanza imejaa historia ya Marekani, uandishi wa Kiingereza na somo la serikali. Kwetu anayedahiliwa kusomea sheria huanza kusoma sheria mwaka ule ule, na kozi za pamoja kama stadi za mawasiliano au masomo ya maendeleo huwa chache. Texas kozi za pamoja ni zaidi ya theluthi ya shahada nzima, na asiyezipangia mapema huzilipia ada mara mbili.

Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120, krediti ikiwa kizio cha kupimia ukubwa wa kozi. Kati ya hizo, 42 ni za kozi za msingi ambazo kila chuo cha umma jimboni lazima kiziweke, kiwe chuo kikuu au kile cha jamii cha miaka miwili. Mgawanyo wake ni huu: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi ya viumbe na ya maumbile 6, lugha, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, sayansi ya jamii 3, na 6 zilizobaki chuo chenyewe huamua zijazwe na nini. Majimbo mengine yana taratibu zake, kwa hiyo usichukue ushauri wa binamu aliyesoma Minnesota ukautumia Dallas.

Kabla ya kusajili chochote, jifunze kusoma namba za kozi. Vyuo vya jamii vya Texas hutumia namba za pamoja, na vyuo vikuu vingi ama huzitumia ama huonyesha katika kitabu chao cha kozi ni ipi inalingana na ipi. Chukua ENGL 1301, kozi ya uandishi wa Kiingereza. Tarakimu ya kwanza, 1, inaonyesha kwamba ni kozi ya mwaka wa kwanza. Ya pili, 3, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho huitofautisha na kozi nyingine za somo hilo. Ukiona BIOL 1406 unajua papo hapo kwamba ina krediti 4, na kwa kawaida krediti ya ziada hutokana na maabara, yaani saa nyingine za kukaa chuoni ambazo mtu mwenye kazi ya usiku anapaswa kuzihesabu.

Sasa anza na shahada yako, si na orodha ya kozi za msingi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, nami nilikosea. Muhula wangu wa kwanza nilichagua MATH 1332 kwa sababu niliambiwa ni hisabati nyepesi na inatimiza kipengele cha hisabati. Ni kweli ilikitimiza, na nikapata alama ya A. Nilipoomba kuingia kitivo cha biashara niliambiwa kwamba kitivo kinataka MATH 1324, hisabati ya biashara, na ile A yangu ikabaki kuwa pambo. Nililipa ada ya kozi nyingine ya hisabati huku nikijua kwamba kosa lilikuwa la dakika tano tu: sikufungua ukurasa wa mahitaji ya shahada yangu. Mhandisi atahitaji kalkulasi, na mwanafunzi wa saikolojia mara nyingi atahitaji takwimu, MATH 1342. Kipengele ni kimoja, lakini mlango unaotokea hutegemea unakokwenda.

Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi kwa faida yako pia. Tafuta kozi inayohesabiwa pande mbili, yaani inayotimiza kipengele cha msingi na wakati huo huo kudaiwa na fani yako. Anayelenga uuguzi atahitaji anatomia na fiziolojia, BIOL 2401 na 2402, ambazo zinaweza kujaza kipengele cha sayansi. Akichukua BIOL 1308, biolojia ya wasiosomea sayansi, atakuwa amejaza nafasi kwa kitu ambacho programu ya uuguzi haikihitaji. PSYC 2301, saikolojia, humfaa muuguzi huyo huyo katika sayansi ya jamii, na ECON 2301, uchumi, humfaa mtu wa biashara katika kipengele hicho hicho. Chapisha mahitaji ya shahada na orodha ya kozi za msingi za chuo chako, ziweke mezani sambamba, kisha zungushia duara kila kozi iliyo kwenye karatasi zote mbili. Nenda na karatasi hizo kwa mshauri wa masomo. Mshauri mwenye wanafunzi mamia hatakuandalia mpango wa kina usipomwuliza, lakini akiwekewa mpango mezani huusahihisha vizuri sana.

Historia na serikali haziepukiki, kwa kuwa zimewekwa na sheria ya jimbo kwa kila anayechukua shahada ya kwanza katika chuo cha umma, hata aliyekuja kwa viza ya masomo na anakusudia kurudi Mwanza. Historia hugawanyika katika HIST 1301, inayoishia 1877, na HIST 1302 inayoendelea kuanzia hapo. Ukipenda, historia ya Texas, HIST 2301, inaweza kuchukua nafasi ya mojawapo. Serikali ni GOVT 2305 kwa taifa na GOVT 2306 kwa Texas. Hii ya mwisho ndiyo huwatoa jasho watu wetu. Mtu aliyesoma Uraia sekondari amezoea serikali kuu inayoshika karibu kila kitu. Ghafla anatakiwa kueleza katiba ya jimbo ya 1876, kaunti 254, bunge ambalo kikao chake cha kawaida huja kila mwaka usiogawanyika kwa mbili na hakizidi siku 140, na majaji wanaopigiwa kura kama wabunge. Usiichukue kozi hii katika muhula mmoja na kozi nyingine nzito ya kusoma. Ianze baada ya GOVT 2305, na soma karatasi ya uchaguzi ya kaunti unayoishi: nusu ya msamiati wa kozi umo humo.

ENGL 1301 nayo ichukue mapema, kwa sababu kozi karibu zote zinazofuata hupimwa kwa insha. Ugumu wake si sarufi. Sisi tumefundishwa kuzunguka, kuweka utangulizi mrefu na kufikia hoja mwishoni. Mwalimu wa huku anaitaka hoja katika aya ya kwanza, halafu anataka ushahidi wenye chanzo kilichotajwa. Kunakili sentensi bila kutaja mwenyewe huweza kukufutia kozi nzima. Vyuo vingi vina kituo cha uandishi ambacho humsaidia mwanafunzi bila malipo, nacho kitumie kabla ya kuwasilisha, si baada ya kurudishiwa.

Kwa wasomaji waliosoma kwa Kifaransa, kutoka Kongo au Burundi, kuna nafasi ambayo wengi huipita: mtihani wa CLEP una somo la Kifaransa, na chuo kinachoukubali huweza kukupa krediti za lugha bila kukaa darasani. Kiswahili hakimo katika mitihani hiyo, lakini shahada inayodai lugha ya kigeni, dai ambalo huwa nje ya zile 42, huenda ikakusamehe ukionyesha vyeti vya shule uliyosoma kwa lugha nyingine. Omba kwa maandishi.

Kuhusu kasi, mwenye viza ya masomo ya F-1 lazima awe na angalau krediti 12 kwa muhula, na ni kozi moja tu ya mtandaoni inayoingia katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kuacha kozi katikati ya muhula si jambo la kubofya tu. Zungumza kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Tena, vyuo vya umma vya Texas huruhusu kuacha kozi zisizozidi sita katika safari yote ya shahada ya kwanza, na zile ulizoacha chuo cha kwanza hukufuata cha pili.

Ukianzia chuo cha jamii, ambako ada ni nafuu, jitahidi kumaliza krediti zote 42 kabla ya kuhama. Aliyemaliza zote huhama nazo kama furushi moja, na chuo kikuu cha umma kinachompokea hakiruhusiwi kumdai kozi nyingine za msingi. Aliyebakiza hata moja hukaguliwa kozi kwa kozi. Vyuo vikuu binafsi havifungwi na sheria hiyo. Kabla ya kutuma nakala ya matokeo, ifungue mwenyewe uhakikishe kwamba imeandikwa umekamilisha kozi za msingi, na kama maneno hayo hayamo, rudi kwa msajili siku hiyo hiyo.