Kuinoa Whisper kwa Kiswahili: LoRA kwenye GPU ya bure

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye rekodi za Kiswahili (mahojiano, vikao vya kikundi, vipindi vya redio) anayetaka kompyuta imwandikie yaliyosemwa, na hana fedha za kukodi mashine kubwa. Ujue Python ya kuanzia, uwe na akaunti ya Colab au Kaggle, huduma zinazokupa kompyuta ya bure mtandaoni. Tutatumia Whisper, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo OpenAI iliiachia huru Septemba 2022, na tutainoa kwa LoRA, mbinu ya kufunza namba chache tu badala ya modeli nzima, iliyochapishwa na watafiti wa Microsoft mwaka 2021. Kufunza kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Jasho liko kwenye hatua ya tatu, na hiyo ndiyo wengi wanaruka.

Hatua ya 1: Chagua ukubwa

Toleo la small lina parameta (namba ambazo modeli hujifunza) milioni 244, medium milioni 769, large milioni 1,550. Ukifunza modeli nzima kwa Adam (njia ya kawaida ya kurekebisha parameta wakati wa mafunzo), kila parameta inakula baiti 16: nne za uzito wake, nne za gradienti (mwelekeo wa kuurekebisha), nane za kumbukumbu za Adam. Kwa medium hiyo ni zaidi ya GB 12 kabla sauti yoyote haijaingia, na kadi ya T4 (GPU, chipu ya kukokotoa kwa kasi) unayopewa bure ina GB 16. Large haiingii kabisa. Small inaingia bila shida, kwa hiyo kama small inakutosha, ifunze nzima na uachane na LoRA. Hapa nachukua medium.

Hatua ya 2: Kusanya sauti

Anza na Common Voice, mkusanyiko wa rekodi za sauti wa Mozilla: ina Kiswahili, na leseni yake ya CC0 inakuruhusu kuitumia upendavyo. Kasoro yake ni kwamba ni watu wanaosoma sentensi mbele ya maikrofoni. Hakuna anayemkatiza mwenzake, hakuna jenereta linalonguruma nyuma, hakuna anayeanza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kiingereza. Ongeza rekodi zako mwenyewe, hata kama ni chache, za mazingira yale yale utakayoitumia modeli. Omba ridhaa ya wenye sauti kabla ya kurekodi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na sauti ya mtu ni data yake.

Kata vipande visivyozidi sekunde 30, maana Whisper husikiliza dirisha la urefu huo tu, na vyote viwe kilohezi 16. Kisha tenga fungu la majaribio kwa msemaji, usitenge kwa kipande. Sauti ya Mama Asha ikiwa kwenye mafunzo na kwenye majaribio pia, modeli itaonekana hodari kwa sababu imeshamzoea Mama Asha. Common Voice imekwisha kutenganisha wasemaji kwenye mafungu yake. Kwa rekodi zako kazi hiyo ni yako.

Hatua ya 3: Tengeneza kipimo

Kipimo cha kawaida ni WER, yaani asilimia ya maneno yaliyokosewa. Maktaba ya jiwer inakihesabu kwa mstari mmoja. Kabla ya kuhesabu, watu hupitisha maandishi kwenye kisafishaji cha msingi kinachokuja na Whisper ili kuondoa nukta na mikato. Usikitumie. Kinabadilisha kila alama ya uandishi kuwa nafasi, kwa hiyo ng'ombe anakuwa "ng ombe", maneno mawili. Modeli ikiandika "ngombe" bila ritifaa, unahesabiwa makosa mawili kwa ng'ombe mmoja. Tumia hiki:

import re
def safisha(s):
    s = s.lower()
    s = re.sub(r"[’‘ʼ`]", "'", s)
    s = re.sub(r"[^\w\s']", " ", s)
    s = re.sub(r"(?<!ng)'", " ", s)   # ritifaa ibaki baada ya ng tu
    return " ".join(s.split())

Mstari wa pili wa kusafisha ni muhimu kuliko unavyoonekana. Simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, kibodi ya kompyuta huandika iliyonyooka, na kwa Python hizo ni herufi mbili tofauti.

Namba nazo zinahitaji uamuzi. Whisper hupenda kuandika 5,000 pale msemaji aliposema "elfu tano". Chagua mtindo mmoja kwa data yote. Mimi huandika kwa maneno, kwa sababu ndicho kinachosikika.

Pima na CER pia, makosa ya herufi. Kiswahili kinapakia mambo mengi kwenye neno moja: modeli ikiandika "watakapowasiri" badala ya "watakapowasili", WER inalihesabu neno zima kuwa kosa, ilhali ni herufi moja kati ya 14.

Halafu kuna kosa ambalo vipimo vyote viwili havioni uzito wake. Linganisha "atalipa" na "hatalipa". Kwa CER ni herufi moja, kwa WER ni neno moja, sawa kabisa na kosa la "kwamba" na "kwamva". Kwa mwenye deni na mdai wake ni habari mbili tofauti. Herufi h mwanzoni mwa neno hutamkwa hafifu na baadhi ya wasemaji, wengine hawaitamki kabisa, kwa hiyo ni rahisi modeli kukosea hapo. Weka faili la pembeni lenye sentensi za kukanusha tupu: hajafika, hatukubali, hawatarudi, hana, hakuna. Ziwe na wasemaji wa aina mbalimbali. Hesabu ni ngapi zimegeuzwa maana. Kama una wasemaji wanaochanganya l na r, ongeza jozi kama kalamu na karamu.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kugusa chochote

Endesha medium jinsi ilivyo juu ya fungu la majaribio na uandike namba tatu: WER, CER na idadi ya kanusho zilizogeuzwa. Ilazimishe lugha (hapa modeli ni Whisper uliyoipakia kwa maktaba ya transformers):

modeli.generate(sauti, language="sw", task="transcribe")

Usipoitaja lugha, modeli hukisia yenyewe, na kwenye kipande kifupi inaweza kukisia vibaya. Chunguza pia vipande vyenye ukimya mrefu. Whisper ina tabia ya kujaza ukimya kwa maneno ambayo hayakusemwa na mtu, au kurudiarudia kirai kimoja. Ukimya ukate mapema.

Hatua ya 5: Weka LoRA

Wazo lenyewe ni jepesi. Kila jedwali la uzito la medium kwenye sehemu za umakini (attention, zinazoamua modeli iangalie wapi) lina namba 1,024 kwa 1,024, yaani 1,048,576. LoRA inaligandisha na kuweka kando yake majedwali mawili membamba, moja la 1,024 kwa 16, jingine la 16 kwa 1,024. Jumla ni namba 32,768, pungufu mara 32. Moja kati ya hayo huanza likiwa sifuri tupu, kwa hiyo mwanzoni modeli inafanya kazi vilevile kama zamani.

from peft import LoraConfig, get_peft_model
mpango = LoraConfig(r=16, lora_alpha=32, lora_dropout=0.05,
                    target_modules=["q_proj", "v_proj"])
modeli = get_peft_model(modeli, mpango)
modeli.print_trainable_parameters()

Utaona parameta zinazofunzwa ni kama milioni 4.7, chini ya asilimia 1. Usiweke task_type: kwa Whisper huleta hitilafu ya input_ids.

Hatua ya 6: Funza

Kwenye mipangilio ya mafunzo weka fp16=True, yaani namba za biti 16 (T4 haina bf16, aina nyingine ya namba hizo, kwenye chipu yake), remove_unused_columns=False na label_names=["labels"]. Kasi ya kujifunza ya 1e-3 ni pa kuanzia. LoRA huvumilia kasi kubwa kuliko kufunza modeli nzima. Hifadhi mara kwa mara kwenye diski ya nje, kwa sababu Colab ya bure hukata muunganisho bila kubisha hodi.

Hatua ya 7: Linganisha

Pima tena namba zako tatu. WER ikishuka na kanusho zilizogeuzwa zikabaki palepale, usikimbilie kuongeza raundi za mafunzo. Ongeza sauti zenye kukanusha. Kama bado haitoshi, ongeza majedwali mengine ya modeli, yaani k_proj, out_proj, fc1 na fc2, kwenye target_modules. Utafiti wa QLoRA wa 2023, uliofanyika Chuo Kikuu cha Washington juu ya modeli za maandishi, ulionyesha kuwa kugusa tabaka zote za aina hiyo ndiko kulikofikisha matokeo ya ufunzaji kamili, na kwa Whisper inafaa kujaribiwa.

Faili la LoRA litakuwa na takriban MB 19, wakati medium nzima ni kama GB 3. Linatumwa kwa WhatsApp. Unaweza kuwa na moja la redio, jingine la vikao vya chama cha ushirika, yote juu ya modeli ileile. Ukitaka kuliunganisha moja kwa moja, tumia merge_and_unload(). Rekodi mpya zikija, ziingie kwenye folda ya mafunzo. Folda ya majaribio isiguswe, la sivyo namba za mwezi huu hutaweza kuzilinganisha na za mwezi ujao.