Kuita mke, mume na watoto kutoka Goma kwenda Kanada: hatua kwa hatua

Somo hili ni la wenye familia Goma, na wao wenyewe tayari ni raia au wakaaji wa kudumu wa Kanada. Wengi huanza kwa kuuliza habari za pesa. Mimi naanza na majina ya watu, maana huko ndiko faili huvunjikia.

Hatua ya 1: Taja watu wote

Andika mume au mke, na kila mtoto uliyemzaa au kumuasili kisheria. Hata yule anayeishi kwa mama yake Bunia. Hata yule ambaye wakwe hawamjui. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu 117(9)(d), zinasema mtu wa familia ambaye hukumtaja na hakukaguliwa ulipoomba ukaaji wako, kwa kawaida hutaweza kumuita baadaye. Asiyesafiri nawe anatajwa pia. Ugomvi wa nyumbani wazee wataukalia kikao. Jina lililofichwa hakuna mzee wa kulisuluhisha.

Mtoto ni aliye chini ya miaka 22, asiye na mke wala mume. Umri unahesabiwa siku faili kamili inapopokelewa. Faili yenye upungufu hurudishwa, kwa hiyo mwenye kijana wa miaka 21 na miezi kumi asibahatishe.

Hatua ya 2: Karatasi za komini

Kuzaliwa huandikishwa ndani ya siku 90. Ukichelewa, unapitia mahakamani kuomba jugement supplétif (hukumu inayochukua nafasi ya cheti kilichokosekana), kisha etasivili, ofisi inayoandikisha vizazi na ndoa, inatoa cheti kwa kufuata hukumu hiyo. Kwa ndoa, mahari na picha za kanisani hazitoshi: sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka ndoa ya kimila nayo iandikishwe.

Halafu kuna majina yetu. Mkongomani ana nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (la pili) na prénom (jina la ubatizo au la kuitwa), na watoto watatu wa baba mmoja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Ofisa aliyezoea ukoo wenye jina moja atajiuliza kama kweli hawa ni ndugu. Fomu ya Kanada ina nafasi mbili tu. Fuata pasipoti herufi kwa herufi kwenye kila fomu, majina mengine yaweke panapoulizwa majina mengine, kisha ambatisha barua fupi ya kueleza desturi yetu. Ukiandika "Furaha" hapa na "Furaha Neema" kule, umejitafutia maswali.

Tuna bahati moja: karatasi za Kifaransa hazihitaji kutafsiriwa. Ila zile jumbe za simu za Kiswahili unazotaka kuonyesha kama ushahidi wa ndoa, hizo zitafsiriwe.

Hatua ya 3: Fomu na ahadi

Mdhamini, yaani wewe unayeita, anajaza fomu IMM 1344, anayeitwa anajaza IMM 0008, na wanandoa wanaongeza IMM 5532. Zote zinaenda pamoja. Kwa mke au mume na watoto, kwa kawaida hakuna kiwango cha chini cha mshahara, lakini anayeishi kwa msaada wa serikali, usipokuwa wa ulemavu, hawezi kudhamini. Ahadi ya kumtunza mwenzi ni miaka 3, na talaka haiifuti. Walio Quebec wana hatua ya ziada ya jimbo lao.

Hatua ya 4: Vidole na afya

Alama za vidole ni dola 85 za Kanada kwa mtu, na barua ya uhamiaji ya kukuita kuzitoa inakupa siku 30. Kwa mtu wa Goma hiyo ni safari, basi nauli na pasipoti viwe tayari kabla barua haijafika. Daktari ni yule aliye kwenye orodha ya Kanada tu.

Maswali

*Kadutu, Bukavu: Yaya, nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu. Ananiita mama. Naweza kumuita?*

Pole, mdogo wangu. Baba yake yuko hai? Kama yuko, hata kama alitoroka, njia ya kumuita ndugu aliye yatima imefungwa. Kama wote wawili wamefariki na mtoto hajafika 18, inawezekana. Tafuta vyeti vya vifo vyote viwili.

*Kamalondo, Lubumbashi: Na mama yangu mzazi?*

Hapo ni foleni. Fomu za kuonyesha nia ya kumuita mzazi zilipokelewa mara ya mwisho 2020, na mialiko iliyofuata, hadi ya 2025, ilitoka kwenye fungu hilo. Angalia viza ya wazazi (super visa): inamruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa kila kuingia, ila si ukaaji wa kudumu.

*Himbi, Goma: Nilipokelewa kama mkimbizi nikitokea Kampala. Mke na watoto walibaki hapa.*

Kama uliwataja, usipitie udhamini. Omba waungane nawe ndani ya mwaka mmoja tangu upewe ukaaji wa kudumu.

*Birere, Goma: Vyeti vyetu viliungua na lava ya 2002. Tupime DNA?*

Msipime kwa kujitanguliza. Anzeni na mahakama, kadi za ubatizo na za shule. Ofisa akiitaka DNA atawaandikia, na atawaambia maabara gani zinakubaliwa.