Timu yako ya besiboli imeanza msimu kwa kishindo? Ipime hivi

Mwaka 2019 Seattle Mariners walishinda mechi 13 kati ya 15 za mwanzo. Sisi tunaokaa huku Kent, kusini mwa Seattle, tulikuwa hatushikiki. Mpira ulipigwa ukavuka ukuta wa uwanja katika kila mechi, mechi 20 mfululizo tangu msimu ufunguliwe, rekodi ambayo hakuna timu iliyokuwa nayo. Msimu ulipoisha walikuwa wameshinda 68 na kupoteza 94. Siku hizi mpwa wangu akinipigia mwezi wa nne, "Shikamoo mjomba, mwaka huu ni wetu," namwitikia marahaba, kisha namwambia afungue msimamo wa ligi tupige hesabu.

Ushindi uweke kando kwanza, uanze na alama. Msimamo unaonyesha alama ambazo timu imepata na ambazo imeruhusu. Zidisha kila namba kwa yenyewe. Jibu la alama zilizopatikana ligawe kwa jumla ya majibu yote mawili. Hapo unapata sehemu ya mechi ambazo timu ya kiwango hicho hushinda kwa kawaida. Kanuni hii ni ya Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, na kikokotoo cha simu kinakutosha.

Chukua Baltimore Orioles wa 2012. Walipata alama 712, wakaruhusu 705. Kanuni inawapa ushindi wa mechi kama 82 kati ya 162 za msimu mzima, lakini walishinda 93. Zile 11 za ziada zilitoka wapi? Tazama mechi zilizoamuliwa kwa alama moja tu: walishinda 29, wakapoteza 9. Mechi ya namna hiyo inaweza kugeuzwa na mpira mmoja uliodunda vibaya mbele ya mdakaji, na hakuna timu inayoweza kuuagiza mdundo huo mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 wachezaji walikuwa karibu wale wale, wakashinda 20 na kupoteza 31 katika mechi za alama moja, na hatua ya mtoano hawakuiona. Kwa hiyo ushindi ukizidi sana kile ambacho kanuni inatoa, nenda moja kwa moja kwenye safu ya mechi za alama moja.

Kisha uliza wamemfunga nani, ila usiishie hapo. Tampa Bay Rays walianza 2023 kwa kushinda mechi 13 bila kupoteza hata moja, dhidi ya Tigers, Nationals, Athletics na Red Sox. Hakuna kati ya hao wanne aliyemaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo. Athletics walipoteza 112. Mtu angesema Rays wamebebwa na ratiba. Mimi nilitazama alama: 101 kwa 30, na mechi tisa za kwanza walishinda kila moja kwa tofauti ya alama nne au zaidi. Kumfunga mnyonge ni kawaida. Kumfunga namna ile kila siku kunahitaji kikosi kweli, na Rays walimaliza na ushindi 99.

Hesabu ninayoipenda kuliko zote ni ya mechi zilizobaki. Pittsburgh Pirates walifunga Aprili ya mwaka huo huo wakiwa wameshinda 20 na kupoteza 9. Zilibaki mechi 133. Sasa jifanye zile 29 hujaziona: hii ni timu ya namna gani? Mwaka uliotangulia walishinda 62. Wakirudi kiwango hicho, watashinda kama 51 zaidi, jumla 71. Ukiwa mkarimu ukawapa nusu ya zilizobaki, wanafika 86 au 87. Jibu likawa 76. Hesabu hii inamheshimu shabiki kwa sababu haimnyang'anyi ushindi uliokwisha kuingia. Detroit Tigers wa 1984 walianza kwa 35 na 5. Baada ya hapo walishinda 69 na kupoteza 53, mwendo mzuri usiotisha, na wakatwaa ubingwa wa dunia.

Wapigaji usiwape muda mwingi. Aliyezoea wastani wa kupiga wa .240 miaka yake yote, yaani mapigo mazuri kama 24 katika kila majaribio 100, na leo yuko .360 atashuka.

Muda wako upe mikono ya warushaji. Jeffrey Springs wa Rays alitoka uwanjani akiwa ameumia mkono katika mechi ile ile ya ushindi wa 13, na mwishowe akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Baadaye wakaumia Drew Rasmussen na Shane McClanahan. Timu huwa na warushaji watano wanaopokezana kuanza mechi, na hapo watatu walikuwa nje. Rays waliingia mtoano wakatolewa na Texas Rangers kwa mechi mbili mfululizo. Kila wiki soma orodha ya majeruhi, kisha umtafute mrushaji wa sita na wa saba. Ukikuta ni vijana ambao bado wanahangaika ligi za chini, punguza ushindi kadhaa kwenye hesabu yako.

Uamuzi ufanye mwisho wa Mei, timu ikiwa imecheza mechi kama 55. Milwaukee Brewers wa 1987 nao walianza kwa 13 bila kupoteza, Mei ikawapiga mechi 12 mfululizo, na ushindi wao 91 haukuwafikisha mtoano. Mwezi huo rudia kanuni ya alama kwa mechi za Mei peke yake, halafu ulinganishe na jibu la Aprili.